AKILI YA MTOTO: JE, NI SHINA MOJA AU NI MATAWI MENGI?



Jioni moja, mwishoni mwa muhula, sajenti mmoja wa polisi alinijia nyumbani akiwa na ripoti mbili za shule mkononi. Tulikuwa majirani tangu alipohamishiwa mji wetu, na kwa kuwa alijua ya kwamba nilisomea ualimu kabla ya kuingia kazi ya ofisi, alikuwa na desturi ya kuniita Mwalimu. Alikaa, akakataa chai, akaziweka zile ripoti mezani kama mtu awekaye ushahidi mbele ya hakimu.

"Mwalimu," akasema, "Mungu amenipa watoto wawili wa kiume. Huyu mkubwa amekuwa wa tatu katika darasa la watoto sitini na wawili. Huyu mdogo, katika darasa lenye watoto wengi kama hao, amekuwa wa arobaini na saba. Mmoja ana akili, mwingine hana. Shule yao ni ya kulipa, na mshahara wangu unatosha ada ya mmoja tu. Nimeazimu mdogo arudi kijijini kwa babu yake akachunge ng'ombe."

"Afande," nikamjibu, "shauri kubwa kama hilo halikatwi kwa nambari moja. Niachie ripoti hizi hadi kesho."

Alipokwenda zake nilizisoma kwa makini. Katika ripoti ya yule mdogo, aliyekuwa darasa la tano, hesabu ilikuwa na alama 71, sayansi 52, maarifa ya jamii 26, na Kiingereza 17. Chini yake palikuwa pameandikwa kwa wino mwekundu nafasi yake ya 47, na pembeni maneno mawili tu: "Hana uwezo." Nikajiuliza: mtoto apataye alama 71 za hesabu anawezaje kuambiwa kwamba hana uwezo? Na apataye 17 za Kiingereza anawezaje kuachwa aendelee vivyo hivyo?

Swali lililonikesha usiku ule ndilo ninalotaka tulitazame pamoja leo. Je, akili ni kitu kimoja ambacho mtu anacho au hana? Au ni vipawa vingi, kila kimoja na njia yake? Na ikiwa kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, basi ile akili ya jumla inahusianaje na kukua kwa vipawa hivyo?

ASKARI ALIYELIPATIA SWALI HESABU

Huenda wasomaji wetu walio katika majeshi wakapendezwa kusikia ya kwamba mtu aliyelitolea swali hili jibu la kwanza kwa njia ya hesabu alikuwa askari. Jina lake ni Charles Spearman, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1863 na kuingia jeshini mwaka 1883, akatumika hata huko Burma. Mwaka 1897, baada ya kuwa afisa kwa miaka mingi, aliacha jeshi akaenda Leipzig, Ujerumani, kujifunza elimu ya nafsi kwa mwalimu mashuhuri Wilhelm Wundt. Vita vya Makaburu vilipozuka huko Afrika Kusini aliitwa tena kazini na masomo yake yakakatika, hata shahada yake ya udaktari hakuipata ila mwaka 1906.

Hata hivyo, miaka miwili kabla ya hapo, yaani mwaka 1904, alikuwa amekwisha kuchapisha utafiti uliomletea sifa. Aliwachunguza watoto wa shule, miongoni mwao wa shule moja ya kijijini huko Uingereza, akalinganisha nafasi zao katika masomo mbalimbali na hata uwezo wao wa kutofautisha sauti nyembamba na nzito. Aliona ya kwamba mtoto aliyekuwa mbele katika jambo moja, kwa kawaida alikuwa mbele kidogo katika mengine pia. Kutokana na hayo alisema kwamba kila kazi ya ubongo hutumia mambo mawili: akili ya jumla, ambayo huingia katika kazi zote, na uwezo maalumu, ambao ni wa kazi ile peke yake.

Hebu tusilisahau neno "kwa kawaida". Kuna tofauti kubwa kati ya jambo litokealo kwa kawaida na jambo litokealo daima. Uhusiano kati ya masomo upo, lakini si kamili, na katika ile nafasi iliyobaki wazi ndimo walimo maelfu ya watoto ambao hesabu yao ni nyota na lugha yao ni giza, au kinyume chake.

KIPIMO SI HUKUMU

Wakati huohuo, huko Paris, Mfaransa Alfred Binet na msaidizi wake Théodore Simon walitunga mwaka 1905 kipimo cha kwanza cha akili chenye kutumika. Kusudi lao lilikuwa jema: kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi shuleni ili wapewe msaada huo. Mwaka 1909 Binet aliwalaumu hadharani wale waliodai ya kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichowekwa, kisichoweza kuongezeka. Yeye aliamini ya kwamba mazoezi na mafundisho mazuri yanaweza kumkuza mtoto.

Lakini chombo chema kikiingia mikononi mwa mwenye haraka huweza kudhuru. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, mtaalamu Robert Yerkes na wenzake waliwapima askari wapatao milioni 1.7. Waliojua kusoma Kiingereza walipewa karatasi za maneno, na wasiojua walipewa za picha. Katika picha mojawapo uwanja wa tenisi ulichorwa bila wavu wake, na askari akatakiwa kukichora kitu kilichokosekana. Mtu aliyetoka shambani, ambaye hajapata kuona mchezo huo maishani mwake, angejibu nini? Wengi wakahesabiwa kuwa wajinga, kumbe kilichopimwa ni ugeni wao. Tujifunze kwamba kila kipimo hupima mambo mawili kwa pamoja: kile ambacho ubongo unaweza, na kile ambacho mtu amepata bahati ya kufundishwa.

MATAWI SABA, NA SHINA LAKE

Mwaka 1938, huko Chicago, mtaalamu L. L. Thurstone alimpinga Spearman. Aliwapa wanafunzi 240 majaribio 56 ya kila namna, na baada ya kuyachambua akasema kwamba haoni akili moja, bali vipawa saba vya msingi: kufahamu maneno, wepesi wa kuyatoa maneno, kufanya hesabu, kuona maumbo kwa macho ya fikira, kukumbuka, upesi wa kutambua vitu, na kufikiri kwa hoja.

Mabishano hayo yalidumu miaka mingi, lakini mwisho wake ulikuwa wa suluhu. Thurstone mwenyewe, alipowapima watoto, alikuta ya kwamba vipawa hivyo saba navyo vinahusiana. Mwaka 1993, Mmarekani John Carroll alichapisha kitabu ambamo aliyachambua upya matokeo ya tafiti zaidi ya 460 zilizofanywa na watu mbalimbali. Picha aliyoitoa ni kama mti. Chini kuna shina moja, ambalo ni akili ya jumla. Juu yake matawi makubwa machache, kama vile kufikiri, kukumbuka, lugha na kuona maumbo. Na juu ya matawi hayo vijiti vingi vidogo, kila kimoja ujuzi wake. Kwa hiyo anayesema akili ni moja hakukosea, na anayesema ni nyingi hakukosea pia. Kosa ni kulitazama shina na kuyakana matawi, au kuyasifu matawi na kulisahau shina.

SHINA HULISHAJE MATAWI?

Raymond Cattell, ambaye alikuwa amefanya kazi chini ya Spearman huko London kabla ya kuhamia Marekani, alitoa jibu linaloeleweka hata kwa mtu asiye mtaalamu. Tangu mwaka 1943 alifundisha ya kwamba kuna akili za namna mbili. Ya kwanza aliifananisha na maji yatiririkayo: ni ule uwezo wa kulifikiri jambo jipya ambalo hujafundishwa, na huweza kumiminwa popote. Ya pili aliifananisha na kitu kilichoganda: ni maneno, kanuni, ujuzi na maarifa yaliyokusanywa kwa miaka mingi.

Akaeleza ya kwamba ile ya kwanza ni kama mtaji, na vipawa maalumu ni kama maduka ambamo mtaji huo umewekwa. Mtoto mwenye mtaji mkubwa ambaye hakupata kuuweka katika kusoma hatajua kusoma. Mtoto mwenye mtaji wa kadiri, aliyeuweka kila siku kwa uvumilivu mahali pamoja, atakuwa na duka lililojaa. Ndiyo sababu wazee wetu hawakutosheka na kusema akili ni mali, bali waliongeza kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 2006, Mholanzi Han van der Maas na wenzake wa Amsterdam waliongeza fikira nyingine. Walionyesha kwa hesabu ya kwamba huenda vipawa, vinapokua, husaidiana kama majirani wa kambini wanavyoazimana unga na chumvi. Kusoma humpa mtoto maneno. Maneno humsaidia kufikiri. Kufikiri kumsaidie kufahamu hesabu ya maneno. Na kufaulu humtia hamu ya kusoma zaidi. Kwa kusaidiana huko vipawa vyote hupanda pamoja, nasi tukivitazama kwa mbali tunaona kitu kimoja. Ikiwa ni hivyo, basi kipawa kimoja kikizibwa, na hasa kusoma, vingine navyo hukosa jirani wa kuviazima.

MKIMBIAJI NA TARAKIMU 80

Lakini je, zoezi la jambo moja hukuza akili yote? Hapa yatupasa tuwe waangalifu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1980, wataalamu wa Pittsburgh, Marekani, walimfundisha mwanafunzi mmoja kukumbuka tarakimu zinazosomwa mfululizo. Alianza na tarakimu 7, kama watu wengi. Baada ya miezi 20 hivi na saa zaidi ya 230 za mazoezi, aliweza kukumbuka karibu tarakimu 80! Siri yake ilikuwa kwamba alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, akazigeuza tarakimu kuwa muda wa mbio mbalimbali alizozijua. Lakini alipopewa herufi badala ya tarakimu, alirudi kwenye herufi 6 tu. Tawi lilikuwa limerefuka ajabu, na shina lilibaki vile vile.

Basi, mzazi asidanganyike kwamba mchezo fulani wa bao au wa karata utamfanya mtoto awe hodari wa kila somo. Mtoto asiyejua kusoma, dawa yake ni kusoma. Asiyejua kugawanya, dawa yake ni kugawanya.

SHULE HUONGEZA NINI?

Huko Scotland, mwaka 1947, watoto 70,805 waliozaliwa mwaka 1936 walipewa mtihani mmoja wa akili walipokuwa na umri wa miaka 11. Miaka mingi baadaye wataalamu wa Edinburgh waliwatafuta baadhi yao, watu 1,091, wakawapima tena walipofika miaka 70. Kwa kuwa walijua kila mmoja alikuwaje utotoni, waliweza kuuliza: waliosoma zaidi walipata faida gani isiyotokana na akili ya awali? Jibu lililochapishwa mwaka 2015 lilikuwa kwamba faida ya elimu ilionekana zaidi katika vipawa maalumu kuliko katika ile akili ya jumla. Mwaka 2018 utafiti mwingine, uliokusanya habari za watu zaidi ya 600,000, ulionyesha ya kwamba kila mwaka mmoja wa shule humwongezea mtu kati ya alama 1 na 5 katika vipimo vya akili.

Maana yake kwa mzazi ni hii: kumtoa mtoto shuleni kwa sababu "hana akili" ni kumnyima kitu kilekile ambacho kingemwongezea uwezo.

NENO LA MAMA MZAZI

Asubuhi yake nilikwenda nyumbani kwa sajenti. Nilimkuta mkewe akipima mkaa anaouza mlangoni, na yule mtoto mdogo akiwa kando yake akirudisha chenji. Nikamwuliza mama yule kuhusu masomo ya mtoto.

"Mwalimu," akasema, "mimi sikusoma sana, lakini fedha za mkaa hunihesabia huyu. Kaka yake hukosea, huyu hakosei. Shida yake ni kitabu. Alianza shule tulipokuwa Gulu, akafundishwa kusoma kwa Kiacholi. Kabla hajashika vizuri, baba yake akahamishiwa Mbarara. Huko wenzake wakasoma Kinyankole, naye hajui hata salamu. Alipoanza kukisikia, Kiingereza kikaingia. Mwalimu, mtoto huyu amebadilishwa njia mara tatu kabla hajafika hata mara moja."

Sajenti alinyamaza. Yeye aliyahesabu madaraja na vituo vyake vyote vya kazi, lakini hakuwa amepata kuhesabu lugha ambazo mwanawe alizipitia. Kaka mtu alipohamishwa alikuwa amekwisha kujua kusoma, na ajuaye kusoma kwa lugha moja huvuka kwenda nyingine kwa urahisi zaidi. Shina halikuwa na kasoro. Tawi moja lilikatwa kila lilipochipuka.

HEKIMA YA HAPA KWETU

Tusidhani ya kwamba maana ya akili ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 1974 mtaalamu Mallory Wober alichapisha uchunguzi wake juu ya jinsi watu wa Uganda wanavyoielewa akili. Baganda wa vijijini, katika neno lao obugezi, waliihusisha akili na utulivu, mpango na mwendo wa taratibu, ilhali waliopata elimu ya kizungu waliihusisha zaidi na wepesi. Batoro nao walikuwa na fikira tofauti na Baganda, wakaiona kuwa ni jambo laini na la utii. Mtihani wa darasani humpa alama anayemaliza upesi, lakini maisha mara nyingi humpa heri anayetulia akafikiri. Askari aliyewahi kulinda lindo usiku anaufahamu ukweli huu bila kufundishwa.

YANAYODHURU SHINA

Hata hivyo, yapo mambo ambayo huudhuru mti mzima. Wataalamu waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliolazwa Hospitali ya Mulago, Kampala, kwa malaria iliyopanda kichwani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha ya kwamba, miaka 2 baada ya kupona, takriban mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu wa akili wa namna fulani, hasa katika kutuliza mawazo juu ya jambo moja. Miongoni mwa watoto wenye afya wa mitaa walikotoka, waliokuwa na upungufu hawakufika 1 kati ya 12. Kadhalika, ukosefu wa madini joto, yaani iodini, wakati wa mimba na utotoni hudumaza ubongo, na kinga yake ni chumvi iliyotiwa madini hayo. Chandarua na kijiko cha chumvi ni vitu vya bei ndogo, lakini hulinda kile ambacho hakuna mwalimu awezaye kukirudisha kwa urahisi.

WAJIBU WETU

Ndugu zangu mlio kambini na katika nyumba za polisi, naomba tushike mambo machache.

Kwanza, ripoti ikifika, usianze na nafasi wala jumla. Mtihani wetu wa kumaliza shule ya msingi una masomo manne, na jumla ya madaraja hutembea kutoka 4 hadi 36. Jumla hiyo huficha mengi. Soma kila somo, uulize tawi lipi limechipuka na lipi limekauka.

Pili, ukihamishwa, mwulize mwalimu mpya siku ya kwanza kabisa watoto wa darasa lile wanasoma kwa lugha gani, umweleze mwanao alianza kwa lugha ipi. Uhamisho ni amri, nasi hatuwezi kuukataa. Lakini mtoto asiuendee kama mzigo uliofungwa kamba.

Tatu, mtoto aonapo homa, mpeleke zahanati siku hiyohiyo, wala usingoje mshahara.

Nne, usiwalinganishe ndugu wawili mbele ya watu. Aitwaye mjinga kila siku mwishowe huacha kujaribu, na asiyejaribu hana atakachojifunza.

Tano, kipawa alicho nacho mtoto kitumike kama daraja la kufikia kile asicho nacho.

Hili la tano ndilo tulilolitenda na sajenti na mkewe. Yule mtoto alipewa daftari la mkaa. Kila jioni aliandika tarehe, jina la mnunuzi, idadi ya madebe na fedha zilizolipwa: mwezi wa kwanza kwa Kiswahili cha kambini, kisha kwa Kiingereza, nami nikimsahihisha mara mbili kwa juma. Hesabu aliyoipenda ilimvuta kwenye maneno aliyoyaogopa. Nusu ya ada yake ilitoka katika mkaa huohuo, kwa maana mama yake alipoanza kuona kwa maandishi ni nani wanaomdai na nani anaowadai, faida ilianza kubaki nyumbani.

Baada ya mwaka mmoja Kiingereza chake kilikuwa na alama 41, naye akawa wa 26. Si wa kwanza, wala sidhani kwamba atakuwa wa kwanza hivi karibuni. Lakini ng'ombe wa babu yake wanachungwa na mtu mwingine, na juzi sajenti aliponionyesha ripoti hakuiweka mezani kama ushahidi. Aliweka kidole chake kwenye somo moja baada ya jingine, akaanza kuniuliza.

Nakutakieni nyote amani majumbani mwenu, na uvumilivu mbele ya ripoti za watoto wenu.